Upepo wa Ziwa Victoria: Mambo ya Kuzingatia Unapovua Mbuta

Mvuvi wa mbuta anayetoka Mbita, Rusinga au Mfangano hujiuliza maswali mawili: samaki wako wapi, na upepo unavuma kuelekea wapi? Jibu la swali la pili ndilo huamua kama atarudi nyumbani.

Upepo wa ziwa una mpangilio wake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea ufuoni. Usiku nchi kavu hupoa, na upepo hugeuka. Ndiyo maana mashua za tanga hutoka usiku au alfajiri na kurejea mchana. Lakini upepo huo wa usiku hukutana katikati ya ziwa na kukusanya mawingu, hivyo dhoruba nyingi za huko hutokea kati ya usiku wa manane na asubuhi.

Wavuvi wanashauriwa kufanya yafuatayo:

• Kusikiliza utabiri wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kabla ya kutoka.

• Kuiachia BMU ya ufuo idadi ya waliomo botini, wanakoelekea na saa ya kurudi.

• Kuvaa jaketi la kuokoa maisha tangu ufuoni. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu.

• Kutega kamba za ndoana upande wa kisiwa uliokingwa na upepo.

• Kufunga boya lenye bendera kwenye kila mtego.

Boya hilo lina maana kubwa. Nyavu na ndoana ni ghali, na wengine huzinunua kwa mkopo. Ndiyo sababu mvuvi husita kuziacha hata anapoona wingu jeusi na kuhisi ubaridi wa ghafla. Mtego wenye boya unaweza kutafutwa kesho yake. Dalili hizo zikionekana, kamba iachwe na boti ielekee kisiwa kilicho karibu.

Mawimbi yakiwafikia kabla ya kufika, boti iyakabili kwa mbele, si ubavuni. Injini ipunguzwe kasi, watu wakae chini, na maji yachotwe bila kukoma. Boti ikipinduka, wote waishikilie. Hata iliyopinduka, boti ya mbao kwa kawaida huelea, na ni rahisi kuonwa na waokoaji kuliko kichwa cha mtu majini.