Pikapu ndogo iliyotumika: gharama kubwa huanza baada ya kulipa bei

Mwananchi anayetafuta pikapu ndogo iliyotumika kwa ajili ya safari za kila siku kwa kawaida huanza na swali moja: inauzwa shilingi ngapi? Swali hilo ni la msingi, lakini halitoshi kuonesha kama gari hilo litakuwa nafuu. Unafuu wa gari hupimwa kwa fedha zinazotumika katika kila kilomita, na fedha hizo huanza kutoka siku ambayo muuzaji ameshalipwa na kuondoka.

Mfumo wa tozo za magari Tanzania Bara unaupa jambo hilo uzito zaidi. Katika mwaka wa fedha 2017/18, Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na badala yake ikaongeza ushuru wa bidhaa kwa Sh40 katika kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kabla ya hapo, hata gari bovu lililolala uani lilikuwa likijilimbikizia deni. Baada ya mabadiliko hayo, mchango wa mwenye gari hufuata mafuta anayonunua, hivyo mwenye gari linalokula mafuta mengi hulipa zaidi kila anapofika kituoni.

Hesabu ndogo inatosha kuonesha tofauti. Mtu anayetembea kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anamaliza kilomita 1,040. Pikapu inayokwenda kilomita nane kwa lita itahitaji lita 130, na inayokwenda kilomita 14 itahitaji takriban lita 74. Tofauti ni lita 56. Kwa mfano wa bei ya Sh3,000 kwa lita, hizo ni Sh168,000 kwa mwezi, au zaidi ya Sh2,000,000 kwa mwaka. Mnunuzi anaweza kuirudia hesabu hiyo kwa umbali wa safari zake mwenyewe na kwa bei kikomo ambazo EWURA huzitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ni vyema aifanye kabla hajavutiwa na rangi ya gari.

Swali linalofuata ni la mzigo. Wengi hununua pikapu kwa kufikiria mzigo mkubwa kabisa watakaoubeba mara mbili kwa mwaka, kisha siku zote zilizobaki huendesha bodi tupu. Soko la nchini lina makundi mawili makuu. Kundi la kwanza ni pikapu za kebini moja kama Toyota Hilux na Nissan za miaka ya nyuma, zenye injini za kuanzia takriban lita mbili na uwezo wa kubeba karibu tani moja. Kundi la pili ni vigari vidogo vya Kijapani ambavyo Watanzania huviita Kirikuu: Suzuki Carry na wenzake kama Daihatsu Hijet na Honda Acty.

Kirikuu ya asili imeundwa kwa mujibu wa sheria ya Japani ya magari madogo. Injini yake haizidi sentimita za ujazo 660, urefu hauzidi mita 3.40, upana hauzidi mita 1.48, na mzigo ulioruhusiwa ni kilo 350. Kwa lugha ya dukani, hiyo ni mifuko saba ya saruji ya kilo 50. Anayebeba mifuko 15 kwa sababu gari linaondoka atalipia baadaye kwenye springi, beringi za magurudumu, klachi na breki, na unafuu wa mafuta utamezwa na gereji.

Kwa mkulima wa mbogamboga, mwenye duka la rejareja au fundi anayebeba vifaa vyake ndani ya mji, kilo 350 mara nyingi zinatosha. Kwa anayesafiri mara kwa mara katika barabara kuu, hali ni nyingine. Katika Kirikuu, miguu ya dereva iko karibu kabisa na uso wa gari, hivyo chuma cha kumkinga anapogongana na gari lingine ni kidogo mno. Injini hiyo ndogo pia hulazimika kuzunguka kwa kasi kubwa ili kufikisha kilomita 80 au 90 kwa saa. Gari la aina hiyo ni la mjini na la shamba, na safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya si kazi yake. Hilux kuukuu ina mapungufu yake pia: springi zake za nyuma ni ngumu, na ikiwa tupu kwenye lami yenye maji sehemu ya nyuma huwa nyepesi na huweza kuteleza.

Umri nao una nafasi yake. Kenya imezuia kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Tanzania haina katazo la namna hiyo, bali hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa, na ndiyo maana pikapu zenye miaka 15 au 20 bado huonekana sokoni. Anayeagiza mwenyewe kutoka nje atumie kwanza kikokotoo cha magari yaliyotumika kilichopo kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kinachokadiria kodi kwa kufuata aina, modeli na mwaka wa kutengenezwa. Kodi hukokotolewa kwa thamani inayotambuliwa na TRA, hivyo ankara ya bei ya chini kutoka kwa muuzaji haimhakikishii mnunuzi kodi ndogo. Gari hilo pia hupaswa kukidhi ukaguzi wa ubora unaosimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zisiaminiwe peke yake, kwa kuwa kuzirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache. Magari yanayotoka Japani huja na nyaraka zinazosaidia: cheti cha kufutwa kwenye usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje huonesha kilomita zilizorekodiwa wakati wa ukaguzi wa gari, na karatasi ya mnada huonesha daraja la hali yake. Gari lenye alama R au RA limewahi kufanyiwa matengenezo ya ajali. Hiyo si sababu ya kulikataa moja kwa moja, lakini ni sababu ya kutolipa bei ya gari lisilo na historia hiyo.

Injini hushughulisha wanunuzi kuliko kitu kingine chochote, ingawa injini hutengenezeka au hubadilishwa. Chesisi iliyoliwa na kutu ni tatizo kubwa zaidi. Baadhi ya magari haya yalitumika katika maeneo ya Japani ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, kisha yakaja kuishi kwenye hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Mnunuzi aingie chini ya gari mchana, au alipandishe kwenye mtaro wa gereji, agonge chesisi kwa kitu kigumu hasa sehemu zinaposhikia springi za nyuma, na ainue zulia la kebini. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari kuukuu ihojiwe, maana mara nyingi imefunika jambo.

Injini ikaguliwe ikiwa ya baridi. Muuzaji anayeliwasha gari nusu saa kabla ya mteja kufika huenda anaficha ugumu wa kuwaka au moshi wa bluu wa asubuhi, ambao ni dalili ya oili kuungua. Kwa Suzuki Carry, mnunuzi aulize aina ya injini. F6A hutumia mkanda wa taimingi unaohitaji kubadilishwa kwa wakati, na K6A iliyofuata hutumia cheni. Kwa Hilux za dizeli, injini za zamani kama 3L na 5L zina pampu ya kawaida ambayo mafundi wengi wanaimudu. Zile za kizazi kilichofuata zenye mfumo wa kielektroniki hula mafuta kidogo zaidi, lakini nozeli zake ni za gharama na hazivumilii dizeli chafu. Aliye mbali na miji mikubwa alipe jambo hili uzito kuliko nguvu ya injini.

Wapo wanaofikiria kufunga mfumo wa gesi asilia, huduma inayotolewa na taasisi kama Chuo cha Teknolojia Dar es Salaam (DIT). Kwa anayeishi karibu na kituo cha kujazia, wazo hilo lina maana. Izingatiwe tu kwamba mtungi huchukua nafasi kwenye bodi na uzito wake huhesabiwa kama mzigo, jambo lisilo dogo kwa gari la kilo 350.

Hatua ambayo wengi huharakisha ni ya nyaraka. Rangi ya kibao cha namba huanza kueleza historia: njano ni gari binafsi, nyeupe ni la biashara. Pikapu yenye kibao cheupe huenda imebeba mizigo ya kukodi kila siku, na ikaguliwe kwa jicho hilo. Anayenuia kubeba mizigo ya watu kwa malipo anahitaji leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, na leseni ya udereva ya daraja D haimruhusu kuendesha gari la biashara.

Kabla ya kulipa, namba ya chesisi kwenye gari ilinganishwe na iliyoandikwa kwenye kadi halisi. Nakala ya kadi haitoshi, kwani kadi halisi inaweza kuwa imeshikiliwa na mkopeshaji kama dhamana. Madeni ya faini za barabarani yaangaliwe kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, ya maegesho kwenye mfumo wa TARURA, na uhalali wa bima kwenye mfumo wa TIRA. Yote hayo hufanyika kwa simu, kwa kutumia namba ya gari, na hayachukui muda mrefu.

Malipo yakishafanyika kwa mkataba wa maandishi, umiliki uhamishwe TRA bila kuchelewa, muuzaji na mnunuzi wote wakiwa na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN). Kuendesha gari kwa kadi ya mtu mwingine huwaweka wote wawili mashakani: faini na ajali za mnunuzi humfuata muuzaji, na muuzaji akifariki, mnunuzi huweza kujikuta akiwathibitishia warithi kwamba gari ni lake. Ada ya kuhamisha umiliki iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na bima na fedha za matengenezo ya mwanzo: oili, mkanda, breki na matairi. Mnunuzi mwenye Sh12,000,000 asitafute pikapu ya Sh12,000,000.