Pweza wa zege na bembea zisizo na watoto

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi piano inasikika redioni, na wazee wananyoosha mikono juu. Ndivyo siku inavyoanza katika bustani nyingi ndogo za vitongoji vya Japani. Mazoezi haya ya viungo yalianza kurushwa redioni mwaka 1928, na wengi wa wanaoyafanya leo waliyajua tangu wakiwa wanafunzi wa shule ya msingi. Yanachukua kama dakika kumi. Yakiisha, mmoja anaokota takataka kwa koleo, mwingine anafagia majani chini ya bembea, wanaagana kwa kuinamiana, kila mtu anashika njia yake.

Usafi huo ndio unaomchanganya mgeni. Tumezoea kuona mahali palipokimbiwa na watu pakiota magugu na kung'olewa vyuma. Hapa hakuna kilichoibwa wala kilichovunjwa. Mtelezo upo, ingawa rangi yake imebabuka. Bembea mbili zipo, na reli fupi ya chuma iliyo mbele yake imeng'aa mahali ambapo kina mama walikuwa wakikalia. Mchanga umefunikwa wavu ili paka wasiugeuze choo. Pembeni kuna kibao cha marufuku: mpira, fataki, baiskeli, kupiga kelele.

Bembea, mtelezo na mchanga vinaonekana karibu kila bustani kwa sababu sheria ilitaka hivyo. Sheria ya Bustani za Miji ilipitishwa mwaka 1956, na kanuni zake zikaamuru kila bustani ya watoto iwe na vitu hivyo vitatu. Kipimo cha kawaida kilikuwa robo hekta, na kila bustani ilipangwa kuhudumia nyumba zilizo ndani ya mita 250, umbali ambao mtoto mdogo anaweza kuumaliza kwa miguu. Kanuni ya vifaa vitatu ilifutwa mwaka 1993, lakini kufikia hapo nchi ilikuwa imejaa bustani zinazofanana kama sare za shule. Nyingine hazikupewa hata jina, zikaitwa tu Bustani ya Watoto Namba Mbili, Namba Tatu.

Zilijengwa kwa haraka kwa sababu watu walikuwa wakija kwa haraka. Shirika la Nyumba la Japani liliundwa mwaka 1955 kuwapatia makazi wafanyakazi waliofurika mijini, na mitaa yake ya maghorofa, danchi kama wenyewe waiitavyo, ikaenea pembezoni mwa miji. Senri, karibu na Osaka, ilipokea wakazi wa kwanza mwaka 1962. Mji mpya wa Tama, kwenye vilima vya magharibi mwa Tokyo, ukafuata mwaka 1971. Walioingia walikuwa karibu rika moja: mume aliyekuwa akipanda treni alfajiri, mke kijana, mtoto mmoja au wawili. Mwaka 1973 pekee Japani ilipata watoto zaidi ya milioni mbili. Foleni ya bembea ilikuwa jambo la kawaida.

Kosa la mpango huo, kwa maoni yangu, liko hapo. Mtaa uliojazwa na watu wa rika moja huzeeka siku moja. Watoto walikua, wakaondoka, na wazazi wakabaki ghorofa ya nne au ya tano katika majengo ambayo mengi hayana lifti. Mwaka 2024 waliozaliwa nchi nzima walikuwa takribani 686,000. Huko Tokiwadaira, danchi ya mwaka 1960 katika mkoa wa Chiba, mwanzoni mwa karne hii uligunduliwa mwili wa mzee aliyekuwa amekufa miaka mitatu bila mtu kujua, kwa kuwa kodi yake ilikuwa ikikatwa benki moja kwa moja. Tangu hapo wakazi wenyewe wamekuwa wakiendesha kampeni ya kujuliana hali. Kukutana bustanini asubuhi ni njia mojawapo, kwani asiyeonekana huulizwa.

Na bado bustani hizi zina mvuto wake. Katika miaka ya 1960 na 1970 mafundi walipewa zege na uhuru, wakafinyanga tembo, kasa na wanyama wengine wa kuparamia. Maarufu kuliko wote ni pweza: mlima wa zege wenye kichwa cha mviringo, mikono yake ikiteremka kila upande kuwa mitelezo, na matundu ya kujifichia katikati. Aghalabu ni mwekundu, yaani pweza aliyekwisha kuchemshwa, lakini hakuna mtoto aliyewahi kulalamika. Chanzo chake ni sanamu ya kuchezea isiyo na umbo la mnyama. Kichwa kiliongezwa baadaye katika wilaya ya Adachi, Tokyo, na hapo pweza akazaliwa. Kila mmoja alifinyangwa kwa mikono, ndiyo maana hawalingani sawasawa. Mwaka 2021 mahakama mjini Tokyo zilikataa kumtambua mmoja wao kuwa kazi ya sanaa inayolindwa na hakimiliki. Inaruhusiwa kutokubaliana na majaji.

Wenzake hawakubahatika. Bembea za boksi na matufe ya chuma yanayozunguka vilivunja mifupa na kuua, vikang'olewa. Katika bustani nyingi mahali pake pamewekwa vyuma vya wazee kunyooshea mgongo.

Lakini tatizo si uhaba wa watoto tu. Hata waliopo hunyamazishwa. Mwaka 2007 mahakama iliamuru chemchemi ya bustani moja huko Nishitokyo izimwe, kwa sababu sauti za watoto waliokuwa wakiichezea zilivuka kiwango cha kelele. Tokyo ilibidi irekebishe kanuni zake mwaka 2015 ili sauti za watoto wadogo zisihesabiwe tena pamoja na kelele za viwanda. Hata hivyo, mwaka 2023 jiji la Nagano lilifunga uwanja wa kuchezea wa Aokijima kufuatia malalamiko ya kelele, na nchi nzima ikabishana.

Ukiyatazama hayo unaikumbuka filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1952, Ikiru. Kina mama wanazungushwa ofisi hadi ofisi wakiomba dimbwi la maji machafu lifukiwe pajengwe uwanja wa watoto, mpaka ofisa mmoja anayekufa kwa saratani anapoamua kulipigania ombi lao. Enzi hiyo uwanja ulipatikana kwa kusumbua wakubwa. Siku hizi anayesumbua wakubwa huenda anataka ufungwe.

Mahali pengine watoto wamerudi. Danchi ya Homi, katika mji wa Toyota, ina Wabrazili wengi waliofuata kazi za viwanda vya magari. Shibazono, iliyojengwa mwaka 1978 mjini Kawaguchi, kaskazini mwa Tokyo, leo zaidi ya nusu ya wakazi wake ni wageni, wengi wao vijana wa Kichina wenye familia changa. Jioni uwanja wake unajaa watoto, na bibi waliokuja kutoka China kulea wajukuu wanakaa wakipiga soga. Wazee wa Kijapani walilalamikia kelele, na meza za uwanjani zikaandikwa matusi ya kuwataka Wachina waondoke. Wanafunzi wa chuo kikuu waliwaita wakazi wa pande zote mbili, wakayafuta matusi hayo kwa kuzipaka meza rangi na kugonga juu yake alama za viganja vyao. Malalamiko hayakuisha, lakini chama cha wakazi sasa kina Wachina wanaohudhuria vikao, na ajenda ya kudumu ni ileile: kelele, takataka, na nani atafagia.