Unaponunua fleti, hati mama isomwe kwanza (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia kiwanja kitupu. Leo tunapanda ghorofani.

Kabla ya tarehe 19 Juni 2025, aliyefika Kigongo, kando ya Ziwa Victoria, alikuwa na swali moja tu: kivuko kiko upande gani? Siku hiyo Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, na swali likawa bei ya viwanja. Hadi sasa mnunuzi wa mwambao huu wa Misungwi hutafuta eneo la kujenga mwenyewe. Lakini panapopita barabara nzuri inayotazama ziwa, fleti haziko mbali. Wakazi wa Capri Point pale mjini Mwanza wanalijua hilo. Basi tuelezane mapema mnunuzi wa fleti hununua kitu gani hasa, maana wengi hudhani wamenunua nyumba.

Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mwananchi hupewa haki ya kuimiliki kwa muda, ambao mara nyingi huwa ni miaka 33, 66 au 99, kwa masharti ya kuiendeleza na kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Kwa hiyo mwenye ghorofa yenyewe ana muda wake uliopimwa. Wewe unayenunua chumba na sebule ghorofa ya tatu unaingia ndani ya muda huo huo. Fleti haiwezi kuwa na umri mrefu kuliko hati ya kiwanja inayoibeba.

Omba uione hiyo hati ya kiwanja, ambayo mtaani huitwa hati mama. Usitazame picha ya simu. Tazama nakala halisi. Ruka mihuri na nembo, utafute mistari miwili: muda wa miliki, na tarehe unapoanzia kuhesabiwa. Tuseme imeandikwa miaka 33 kuanzia tarehe 1 Julai 2004. Muda huo unakwisha mwaka 2037. Hata kama vigae ni vipya na rangi haijakauka, ulichouziwa ni miaka michache iliyobaki, pamoja na matumaini ya kuomba miliki mpya. Benki itakayotaka kukukopesha kwa miaka 15 itaiona kasoro hiyo kabla yako. Na maombi ya muda mpya ni ya kiwanja kizima; mwenye fleti moja hawezi kuamka peke yake akaenda kuyamaliza ofisini.

Hapo ndipo inapoingia Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Kabla yake, aliyetaka kuuza ghorofa vipande vipande alibaki na hati moja mkononi, na wanunuzi wakabaki na mikataba. Sheria hii inaruhusu jengo lipimwe na kuchorwa kwa sehemu, kisha kila sehemu ipate hati yake, ile ambayo wengi huiita hati pacha. Mwenye hati hiyo anamiliki fleti yake, na papo hapo anamiliki fungu katika vitu vya wote: ngazi, paa, lifti, tangi la maji, maegesho, shimo la majitaka. Fungu hilo haliuzwi kando. Ukiuza fleti, linaondoka nayo.

Vitu hivi vya wote ndivyo vinavyogombanisha watu kuliko kuta. Anayekaa chini haoni kwa nini achangie lifti. Anayekaa juu kabisa ndiye anayevujiwa, na anataka paa litengenezwe leo. Sheria imeweka chama cha wamiliki wa sehemu za jengo ili kisimamie matengenezo, michango na kanuni za ndani. Kwa maoni yangu, daftari la chama hicho lina thamani kuliko maneno yote ya dalali. Liombe. Humo utaona nani hajalipa, pampu ilitengenezwa lini, na kama kuna deni linalomsubiri mmiliki mpya. Uliza pia mita ya LUKU ya fleti hiyo imesajiliwa kwa nani, kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia umeme. Aliyewahi kukatwa kodi ya nyumba isiyo yake anajua usumbufu wa kuifuatilia.

Sasa kuna muuzaji atakayekwambia hati pacha “ziko kwenye mchakato”. Huenda ni kweli. Lakini mchakato si hati. Kama jengo halijasajiliwa kwa sehemu, ulichonacho ni ahadi ya mtu mmoja, na akifilisika au akiweka hati mama rehani, benki ndiyo itakayotangulia mbele yako. Wenzetu wa Kenya walikuwa na fleti nyingi zilizouzwa kwa mikataba ya upangishaji wa muda mrefu. Sheria yao mpya, iliyoanza kutumika Desemba 2020, iliwapa miaka miwili kuibadilisha iwe hati za sehemu.

Turudi Kigongo, maana kuna mambo matatu ya huku kwetu ambayo hayamsumbui mnunuzi wa Upanga, Dar es Salaam. La kwanza ni ardhi ya kijiji. Kama eneo bado liko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, halmashauri ya kijiji ndiyo yenye kauli, na Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba mauziano yasiyopata kibali chake hayana nguvu. Saini ya mwenyekiti na mashahidi wawili chini ya mwembe haitoshi. Hati pacha haiwezi kuota juu ya ardhi ya namna hiyo mpaka kiwanja kipimwe na kupata hati yake. La pili ni ziwa: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ghorofa inayojisifu kuwa “hatua kumi toka majini” inajishtaki yenyewe. La tatu ni hifadhi ya barabara kuu, mita 30 kila upande kutoka katikati. Alama ya X ya TANROADS haiulizi umenunua lini.

Yupo pia mke, au mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji akisema “mama hana shida”, mwambie mama huyo aje asaini.

Basi, msomaji, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika nafasi, nenda ofisi ya Msajili wa Hati, Mwanza, ufanye upekuzi rasmi kwa namba ya hati uliyoonyeshwa. Utajua jina la mmiliki, rehani na zuio kama vipo. Ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya fleti. Wiki ijayo: rehani, na benki inapouza fleti ya mdaiwa.