Kamera Ndogo ya Kupigia Picha za Karibu: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kununua

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mmekuja ofisini kuuliza habari za kamera. Mwenye iliki ataka kumpelekea mnunuzi wake picha. Mwenye mikarafuu inayonyauka ataka kumwonyesha Bwana Shamba jani lenye madoa. Na sisi wa gazeti hili twataka kuweka picha ya karafuu safi ubavuni mwa mpeta, ili kijana anayeanza kazi aone tofauti kwa macho yake. Haja hizi zote ni moja, nayo ni kupiga picha ya kitu kidogo kwa karibu.

Kwanza tukumbushane jambo moja. Karafuu zetu hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na daraja huamuliwa kwa kuitazama na kuipima karafuu yenyewe. Picha haishindi mizani. Walakini viungo vingine, kama iliki, mdalasini na pilipili manga, aghlabu huuzwa kwa mtu wa mbali, naye huiona picha kabla hajaiona mali. Hapo picha mbaya huifanya mali safi ionekane mbovu, na picha ya uongo humtia mwenyewe katika madai. Kwa hiyo jambo hili si la mapambo, ni la riziki.

MFANO WA MWANGA, KIGOMA

Mwanga ni mtaa wa soko mjini Kigoma, baina ya bandari na mji wa kale wa Ujiji, ambako misafara ya zamani kutoka pwani ilikomea kwenye Ziwa Tanganyika. Tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, mali ya huko imekuwa ikisafiri mbali kumfuata mnunuzi. Bidhaa zake mbili mashuhuri, dagaa na mawese, zatufundisha mambo mawili ambayo kila mpiga picha wa bidhaa hana budi kuyajua.

Dagaa mkavu ni mdogo, tena ang'aa kama fedha. Ukimpiga picha juani saa sita mchana, mng'ao hugeuka mabaka meupe na huoni kitu. Na mnunuzi wa dagaa ataka kuona jambo dogo sana: je, ana mchanga? Dagaa aliyeanikwa chini mchangani hushikwa na chembe, na aliyeanikwa juu ya chanja hutoka safi. Picha isiyoonyesha chembe ya mchanga haimfai mnunuzi huyo hata ikiwa nzuri namna gani.

Mawese nayo shida yake ni rangi. Wekundu wake ndio sifa yake, lakini chini ya taa ya manjano huonekana ya namna moja, na chini ya taa nyeupe ya dukani huonekana namna nyingine. Mnunuzi akipokea mafuta yasiyofanana na picha, atasema amedanganywa, ingawa muuzaji hakukusudia.

Karafuu yetu ina shida zote mbili: ni ndogo kama dagaa, na rangi yake ndiyo humjulisha mtu kama imekauka vizuri au imeharibika. Basi kamera tuitakayo lazima iweze mambo mawili: kusogea karibu, na kusema kweli juu ya rangi.

TAFUTENI ALAMA YA UA

Katika kamera ndogo nyingi kuna alama ya ua dogo. Alama hiyo ndiyo ya picha za karibu. Bila ya kuiwasha, kamera nyingi hukataa kuona sawasawa kitu kilicho karibu, na picha hutoka na ukungu. Ajabu ni kwamba karafuu nayo ni ua lisilofumbuka, basi alama hii mkulima wa karafuu hatoisahau.

Katika karatasi ya maelezo ya kamera mtaona imeandikwa umbali mdogo kabisa ambao lenzi yaweza kuona: sentimita 1, 2, 5 au zaidi. Namba ndogo ni njema, lakini ulizeni pia, umbali huo ni lenzi ikiwa imevutwa au haijavutwa? Kamera nyingi husogea sentimita 1 ikiwa lenzi haijavutwa tu. Hapo kamera yenyewe huizuia nuru, na kitu hutoka kimepinda. Ile iwezayo kupiga kwa karibu huku lenzi imevutwa kiasi ni bora zaidi, kwa sababu unapata nafasi ya nuru kuingia.

HESABU YA RULA

Msimwamini muuzaji wala karatasi peke yake. Nendeni dukani na rula na karafuu chache mfukoni. Wekeni rula juu ya meza, washeni alama ya ua, mpige picha kwa karibu kadiri kamera inavyokubali, kisha mhesabu ni milimita ngapi zilizoingia katika upana wa picha.

Tuseme kamera ni ya megapikseli 12, yaani picha yake ina nukta 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo. Ikiwa upana wa picha umeingiza milimita 40 za rula, kila milimita imepata nukta 100, na karafuu ya milimita 15 imepata nukta 1500. Kamera nyingine yenye nukta hizo hizo, lakini isiyosogea karibu, imeingiza milimita 160. Karafuu ile ile imepata nukta 375 tu. Mchapaji hutaka nukta 300 kwa inchi, yaani kama 12 kwa milimita. Karafuu ya kwanza yaweza kuchapwa kwa urefu wa sentimita 12 na zaidi, na ya pili sentimita 3 tu. Megapikseli ni zile zile, tofauti ni kusogea.

Kisha ipigeni karafuu yenyewe na muikuze picha kwenye kioo cha kamera. Mkiona wazi kichwa chake na meno yake manne yaliyokizunguka, kamera hiyo yafaa.

MAMBO YASIYOSTAHILI FEDHA YENU

Usilipie megapikseli nyingi. Ukurasa mzima wa A4 wahitaji kama megapikseli 9 tu. Wala usilipie "kuvuta" kunakofanywa na programu ndani ya kamera. Huko ni kuikata picha na kuikuza, hakuongezi kitu. Kuvuta kwa haki ni kwa lenzi.

Na simu je? Mwenye simu njema ana kamera tayari, naye aijaribu kwa rula kabla ya kutoa senti. Simu nyingine za bei nafuu zina lenzi ya pili ya karibu yenye megapikseli 2 tu, nayo yaweza kushindwa na lenzi kubwa ya simu hiyo hiyo. Pimeni zote mbili.

KAMERA ZENYEWE

Katika kamera mpya, OM System TG-7 ya mwaka 2023 husogea hadi sentimita 1 kutoka kwenye lenzi, ina megapikseli 12, na haiingii maji. Mrithi wa Olympus TG-6 ya mwaka 2019 ndiye huyo. Ni njema, lakini ilipotoka iliuzwa Marekani karibu dola 550, na fedha hizo si za mkulima mmoja. Ricoh WG-80 ya mwaka 2022 nayo ina taa ndogo sita zilizoizunguka lenzi, ili kitu kilicho karibu kisiingie kivulini.

Aliye na fedha kidogo atazame za zamani. Canon PowerShot A640 ya mwaka 2006 ina megapikseli 10, husogea sentimita 1, na hutumia betri nne za kawaida zinazopatikana kila duka. Nikon Coolpix 4500 ya mwaka 2002 ina megapikseli 4 tu, lakini ilisifiwa sana kwa picha za karibu. Ila kadi yake ya kumbukumbu ni ya namna ya zamani, na kuipata ni taabu. Hili ni funzo: kabla ya kununua kamera ya zamani, ulizeni kwanza kadi, betri na chaja.

Tena ielekezeni lenzi kwenye nuru mtazame ndani. Katika visiwa vyetu unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi kama utando wa buibui. Ikiwa upo, iacheni. Na mkishanunua, itunzeni ndani ya mkebe wenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu viwekwavyo katika maboksi ya viatu.

NAMNA YA KUPIGA

Pigeni kivulini, asubuhi au alasiri, chini ya anga lililo wazi, mbali na taa za ndani. Zimeni taa ya kamera, kwani kwa karibu huunguza picha. Tandikeni karatasi nyeupe isiyong'aa: mkiona karatasi katika picha imekuwa ya manjano au ya samawati, jueni na rangi ya mali imepotoka. Simamisheni karatasi ya pili upande wa kivuli ili irudishe nuru. Kamera ikae juu ya stendi au gunia la mchele, na mtumie saa yake ya sekunde 2 ili mkono usiitikise. Wekeni rula kando, mnunuzi aone ukubwa wa haki.

La mwisho ndilo kubwa. Msichague punje kumi nzuri kutoka gunia zima mkazipiga picha. Chovyeni mkono katikati ya gunia, mkipige kilichotoka, kama kilivyo, pamoja na makonyo yake ikiwa yamo. Picha ni ahadi, na mnunuzi akija kufungua gunia ndipo ahadi hupimwa.

Kwa kuwa haja hii ni ya kila mmoja lakini si ya kila siku, shauri langu ni kila tawi linunue kamera moja, ikae kwa karani wa tawi, na mwanachama aazime kwa kutia sahihi daftarini. Yajadilini haya katika mikutano yenu ya matawi kabla msimu haujaingia.

Wabillahi taufiq.

Katibu wenu