Misa bila kupeana mikono: tuliyojifunza London

Na Mwandishi Wetu, London

JUMAPILI ya Machi 22, 2020 ilikuwa Siku ya Akina Mama hapa Uingereza. Ilikuwa pia Jumapili ya kwanza bila Misa ya hadhara, kwani Baraza la Maaskofu Katoliki wa England na Wales lilikuwa limezisitisha kuanzia jioni ya Ijumaa, Machi 20, kutokana na ugonjwa wa korona.

Nilimpigia simu mama yangu nyumbani Tanzania. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kanisani.

"Leo watu wamejaa mpaka nje," akaniambia. "Ninyi huko mmefunga? Sasa mtasali wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Siku hiyo hiyo hayati Rais John Magufuli, naye Mkatoliki, aliwaambia waumini kanisani Dodoma kwamba virusi hivyo haviwezi kukaa katika mwili wa Kristo.

Sisi wa London tulisali mbele ya kompyuta. Misa zilirushwa kwa intaneti, nasi tukapokea komunyo ya tamaa, yaani kwa sala na nia tu. Kilichouma zaidi ni misiba. Sisi tumezoea kukesha na wafiwa na kuaga mwili. Safari hii waliruhusiwa wachache kwenda kuzika, wengine tukabaki na simu mkononi.

Misa za hadhara ziliporuhusiwa tena Julai 4, 2020, mambo yalikuwa yamebadilika. Vyombo vya maji ya baraka mlangoni vilikuwa vikavu. Waumini hatukuimba. Wakati wa kutakiana amani hakuna aliyempa mwenzake mkono. Kikombe cha divai kilibaki kwa padri peke yake, na komunyo tukapokea mkononi, kimya kimya. Jumatano ya Majivu, Februari 17, 2021, padri hakutuchora msalaba kwenye paji la uso. Alitunyunyizia majivu utosini, kama Vatican ilivyokuwa imeelekeza mwezi Januari.

Wapo waliosema huo ni upungufu wa imani. Hata mimi nilianza kuwaza hivyo.

Lakini Januari hiyo hiyo Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, chini ya rais wake wa wakati huo, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, liliwaonya waumini juu ya wimbi jipya la korona. Mwanzoni mwa Machi 2021, Katibu Mkuu wa Baraza, Padri Charles Kitima, akasema mapadri zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili, wakiwa na matatizo ya kupumua.

Mapadri ndio wanaoamshwa usiku kwenda kumpaka mgonjwa mafuta. Masista ndio wauguzi katika hospitali zetu nyingi. Nani atasema walikosa imani?

Nikampigia mama tena. Safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Siku hizi tunanawa mlangoni," akasema. "Amani tunapeana kwa kuinamiana vichwa."

Nikamwambia na sisi huku ni hivyo hivyo.

Wajibu wa kuhudhuria Misa kila Jumapili ulirejeshwa England na Wales siku ya Pentekoste, Juni 5, 2022. Ndipo nilipoweza kumjibu mama swali lake la kwanza: tulisali nyumbani, mama, ili tusije tukawarudisha wenzetu kanisani ndani ya majeneza.