Karata bila makuta

Mwezi uliopita mtoto mmoja wa mtaa wetu alikosa masomo siku mbili. Alienda kuosha mawe mtoni ili alipe deni la karata. Tukikataza tu, watachezea mafichoni. Afadhali tuwape mchezo mwingine.

Hata Marekani wachezaji walijitungia sheria. Katika mchezo wa Magic, uliotoka mwaka 1993, wao wenyewe walibuni namna ya kucheza kirafiki: karata 100, karibu zote tofauti. Mwaka 2011 kampuni ikaanza kuuza karata za namna hiyo.

Sisi tulikata makartoni ya sabuni. Kila mtoto alichora karata 20 zisizofanana: malakiti, bukari, sombe, mto Lualaba. Kila karata ina nguvu 1 mpaka 6, na jumla isipite 60. Wawili wanachagua kwa siri, wanafunua pamoja. Yenye nguvu zaidi inashinda. Makuta ni marufuku. Anayeshindwa anatunga sheria moja mpya.

Yule mwenye deni alishindwa mara tatu. Ndiye aliyetunga sheria wanayoipenda kuliko zote: 1 inaishinda 6.