Ufadhili wa Uhandisi kwa Vijana wa Mashindano ya Roboti

Ufadhili wa masomo ya uhandisi kwa wanafunzi wa sekondari walioshiriki mashindano ya roboti umeshamiri zaidi nchini Marekani, na sehemu kubwa yake imefungamana na taasisi iitwayo FIRST. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen katika jimbo la New Hampshire. Mashindano yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari mjini Manchester, yakiwa na timu 28. Sasa timu za sekondari zinazoshindana katika ngazi yake ya juu ni zaidi ya 3,000, nyingi zikiwa za Marekani na nyingine za Kanada, Israeli, Uturuki na kwingineko.

Kila Januari mchezo mpya hutangazwa kwa timu zote siku moja. Mwaka 2022 roboti zilirusha mipira kwenye kikapu kirefu. Mwaka 2023 zilipanga koni na maboksi kwenye rafu. Wanafunzi wana wiki chache tu za kusanifu, kukata vyuma, kufunga nyaya na kuandika programu, hadi wapate mashine yenye uzito wa makumi ya kilo inayoweza kuhimili kugongwa uwanjani. Roboti tatu hushirikiana dhidi ya tatu nyingine, na mechi huchukua kama dakika mbili na nusu. Katika sekunde chache za mwanzo roboti hujiendesha yenyewe bila mkono wa mtu. Wahandisi wa viwandani hujitolea kuzilea timu, nao hukaa karakanani na vijana usiku na mwisho wa wiki.

Kwa hiyo chuo kinachotafuta wahandisi watarajiwa hukuta kazi imekwisha kufanyika nusu. Mitihani huonyesha kama kijana anajua fizikia. Msimu wa roboti huonyesha anafanya nini kifaa kinapokataa kufanya kazi na saa zimebaki chache. Worcester Polytechnic Institute ya Massachusetts, iliyoanzisha mwaka 2007 shahada ya kwanza ya uhandisi wa roboti nchini Marekani, ni miongoni mwa vyuo vinavyotenga fedha kwa vijana hao. Kettering University ya Flint, Michigan, ambako wanafunzi hupokezana vipindi vya darasani na vya kazi viwandani, ni kingine.

FIRST yenyewe huwatangaza wafadhili na masharti yao, lakini kwa kawaida siyo inayotoa fedha wala kumchagua anayepewa. Chuo, kampuni au wakfu husika ndio huamua. Ndiyo maana masharti hayafanani: mfadhili mmoja hutaka mwanafunzi aliyecheza misimu miwili, mwingine hutaka fani maalumu, mwingine raia wa Marekani au mkazi wa jimbo fulani.

Kombe si kigezo kikuu. Wafadhili wengi hutaka insha, matokeo ya darasani na barua ya mlezi wa timu, na kwenye insha ndipo waombaji wengi hupoteza nafasi, kwa sababu huandika juu ya timu badala ya kazi yao wenyewe. Chukua tatizo moja linalojulikana na kila timu. Roboti hutumia betri moja ya volti 12. Mota kadhaa zikivuta umeme mwingi kwa pamoja, kwa mfano roboti inaposukumana na nyingine huku ikiinua mkono, volti hushuka ghafla hadi chini ya 7, na kompyuta ya roboti huzikatia mota umeme ili yenyewe isizime. Mwombaji anayeandika kwamba timu ilikabili changamoto za umeme hajaeleza kitu. Anayeeleza kwamba alirekodi volti katika kila mechi, akagundua mota za magurudumu ndizo zinazovuta kupita kiasi, akaziwekea kikomo cha ampea kwenye programu, kisha akaonyesha rekodi za kabla na baada, huyo amejieleza kama mhandisi. Daftari la karakana lenye tarehe, michoro na vipimo lina thamani kuliko picha ya medali.

Kuna pia tuzo iitwayo Dean's List, iliyoanza mwaka 2010, ambayo timu huweza kuipendekezea hadi wanafunzi wawili wa darasa la 10 au la 11. Haiambatani na ada ya chuo, lakini ina uzito kwenye maombi.

Kalenda nayo huwapiga chenga wengi. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Novemba na katikati ya Januari, yaani kabla msimu wa mwisho wa sekondari haujashika kasi. Ushahidi unaosomwa ni ule wa darasa la 10 na la 11.

Kiasi cha fedha kinahitaji kusomwa kwa makini zaidi kuliko jina la tuzo. Tuseme chuo binafsi kinagharimu dola 80,000 kwa mwaka pamoja na malazi, na mwanafunzi amepata dola 10,000 kwa mwaka kwa sharti la kutoshuka chini ya wastani wa alama 3.0. Familia bado inadaiwa 70,000. Vyuo vingine hupunguza msaada wao wenyewe kwa kiasi kile kile alicholeta mwanafunzi kutoka nje, asibaki na nafuu yoyote. Maryland ilikuwa jimbo la kwanza kuwekea mipaka desturi hiyo katika vyuo vya umma, mwaka 2017. Fedha za ada na vitabu hazitozwi kodi ya mapato, za chakula na malazi hutozwa.

Upungufu mkubwa wa mfumo huu uko mlangoni. Kiingilio cha timu kwa msimu ni takriban dola 6,000, kabla ya vipuri na nauli. Shule maskini ikikosa mdhamini, wanafunzi wake hawafiki hata kwenye ngazi ya kuomba ufadhili, hata wawe na vipaji vya namna gani. Mfadhili anayetaka haki anapaswa kulipia pia viingilio vya shule hizo.

Kwa kijana wa Afrika Mashariki, mlango unaofahamika ni FIRST Global, mashindano ya timu za mataifa yaliyoanza Washington mwaka 2017. Kushiriki humo hakumpatii mtu ada ya chuo moja kwa moja, na mwanafunzi wa kigeni hapati misaada ya serikali kuu ya Marekani. Kabla ya kulipa ada ya maombi, akiulize chuo kwa maandishi mambo matatu: kama wageni wanaruhusiwa kuomba ufadhili huo, kama unaendelea miaka yote minne, na kama unajumlishwa na misaada mingine.